Ukungu Una Kwao

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa vijana wanaotengeneza gemu. Waliokosa nafasi, pamoja na wale walionasa kwenye foleni ya Ubungo, wameomba niiweke yote. Picha za ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale, na mizaha imo.

Wakubwa zangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo vipi? Mlioko nyuma kabisa, pale karibu na feni, mnanisikia? Haya.

Nianze na swali, na mnyooshe mikono bila aibu. Nani hapa amewahi kumaliza kutengeneza levo ya gemu, akaitazama, akaiona mbaya, halafu akaweka ukungu?

Naona mikono. Teremsheni. Na wewe uliyejifanya unajikuna kichwa nimekuona pia. Wangu uko juu vilevile. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na sisi tumelichukua neno hilo tukaligeuza mbinu ya kazi. Mlima umekatika ghafla? Ukungu. Miti inachipuka mbele ya macho ya mchezaji kama uyoga? Ukungu. Mwisho wa ramani ni shimo tupu? Ukungu, tena mzito.

Sasa nawaambia: mwanaharamu hapiti. Mwanaharamu ni mchezaji, amelipia bando lake, ana saa tatu za kukaa na kombe lako, na atalifunua.

Ndugu zangu, nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke. Ukungu una kwao. Kabla hujagusa namba yoyote kwenye injini, ile programu tunayojengea gemu, jiulize: ukungu huu umetoka wapi? Umetoka bondeni au umetoka baharini? Ni wa saa ngapi? Unafika kimo gani? Jua liko upande gani? Ukiyajibu hayo, namba zinakuja zenyewe. Usipoyajibu, utasukuma kitelezi kulia na kushoto mpaka adhana ya alfajiri, na levo itabaki imechafuka tu.

Neno hili sikulipata darasani. Nimelipata kwa bibi yangu.

Mimi ni mtoto wa Lushoto, kule milima ya Usambara. Kwa miaka miwili sasa natengeneza gemu la dereva wa Fuso anayeshusha kabichi na karoti kutoka Lushoto kwenda Mombo kabla hakujapambazuka, ili mzigo uwahi soko la Dar. Wanaoijua ile barabara wanajua kwa nini nimeichagua. Ni kona juu ya kona, upande mmoja jiwe, upande mwingine bonde, na asubuhi nyingi ukungu umekaa katikati. Bila ukungu hakuna gemu pale. Ni lori na kabichi tu.

Basi levo ya kwanza ilipokamilika nilienda nayo nyumbani. Nikamwekea bibi kompyuta mezani, nikaondoa sahani, nikamwambia, bibi, tazama, huku ni kwetu. Bibi akavaa miwani. Akatazama. Akasogea karibu zaidi. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hapa nyumba ya nani inaungua?"

Cheka tu, mimi sikucheka. Nilikuwa nimeweka ukungu wa kijivu, mzito sawasawa kila mahali, chini mpaka juu. Nikamwambia, bibi, huo ni ukungu. Akasema, "Huu si ukungu wa kwetu. Huu umetoka wapi?"

Akanishika mkono tukatoka uani. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi, baridi ile ya kuvaa sweta mbili. Akaninyooshea kidole kule chini bondeni, ambako ukungu ulikuwa umelala kama maziwa kwenye bakuli, juu yake vilele vya miti vimetokeza safi kabisa, vimepigwa na jua. Akasema, ukiona ule wa bondeni umelala hivyo, leo tunaanika mahindi. Halafu akageuka, akanyoosha kidole upande wa msitu wa Magamba. Akasema, ukiona wa kule juu unashuka, ingizeni kuni.

Ukungu wa aina mbili. Makwao mawili. Na bibi yuko sahihi hata kwa kipimo cha wataalamu wa hali ya hewa. Ule wa bondeni huzaliwa usiku usio na mawingu. Ardhi inapoteza joto lake angani, hewa iliyoigusa inapoa, na hewa baridi ni nzito, inateremka taratibu na kukusanyika bondeni, unyevu wake ukigeuka matone madogo. Usiku mweupe maana yake asubuhi ya jua, ndiyo maana bibi anaanika. Ule wa mlimani ni habari nyingine kabisa. Ni hewa ya Bahari ya Hindi iliyosukumwa na upepo ikapanda Usambara, na hewa ikipanda inapoa, hivyo kile mnachokiita ukungu wa Magamba ni wingu lililogota mlima. Hilo lina mvua ndani yake.

Sasa njooni kwenye injini. Ukungu wa kimo unaoupata kwenye Unreal ni mzito chini, na unapungua kadiri unavyopanda. Ni ukungu wa upande gani huo? Wa bondeni! Ukitaka ule wa mlimani, namba ile ile haikusaidii, itakupa kinyume. Kwenye Godot kuna namba ya uzito wa ukungu kwa kimo, na ukiipa alama ya kutoa, ukungu unageuka, unakuwa mzito kadiri unavyopanda. Alama moja tu ya kutoa, na umetoka kwenye kuanika mahindi umeingia kwenye kuingiza kuni. Lakini nani atakayejua aiweke au asiiweke? Ni yule aliyejiuliza ukungu umetoka wapi.

Kwenye gemu langu nimetumia wote wawili. Dereva anaondoka Lushoto ndani ya ukungu wa mlimani, anashuka, katikati ya njia kuna sehemu safi ambayo nyota zinaonekana, halafu anapokaribia Soni anauona wa bondeni ukiwa chini yake, na anajua anakwenda kuzama. Zile sekunde ishirini za kuuona ukungu kabla hujauingia, nawaambieni ukweli, ndizo zilizonifanya niendelee na hili gemu.

Haya, tufanye hesabu kidogo. Msikimbie. Ni hesabu ya sokoni.

Fuso limetoka Lushoto na kabichi 1,000. Njiani kuna mageti ya ushuru, na kila geti linachukua moja katika kila kumi zilizobaki. Geti la kwanza linachukua 100, zinabaki 900. La pili linachukua 90, zinabaki 810. La tatu linachukua 81. Mnaona? Kila geti linachukua sehemu ile ile, lakini idadi inapungua. Ukipita mageti kumi umebaki na kama 349. Ukipita ishirini, kama 122. Mzigo unazidi kuyeyuka, na hauishi moja kwa moja.

Mwanga ndiyo hizo kabichi. Umetoka kwenye mti kule mbele unakuja kwenye jicho lako, na kila mita ya ukungu inatoza ushuru wake. Mfaransa mmoja, Pierre Bouguer, alilieleza jambo hili mwaka 1729, na mpaka leo kadi za picha zinalipiga hesabu kwa njia ile ile. Na kwa kila kabichi iliyochukuliwa, geti linakutupia mfuko wa pamba nyeupe badala yake. Ndiyo maana kitu cha mbali hakiwi cheusi, kinakuwa na rangi ya ukungu. Kilichobaki cha mti, pamoja na pamba iliyoongezwa: hiyo ndiyo piseli yako, ile nukta moja ya rangi kwenye kioo.

Ukungu wa namna hii ndio unaoitwa wa kipeo (Exponential) kwenye menyu za injini ya Unity. Kuna ndugu yake wa mstari, ambaye geti lake linachukua kabichi 100 kila mara bila kujali, kwa hiyo kwenye geti la kumi huna kitu. Huyu ni rahisi kwa mashine, na mwisho wake unajulikana, kwa hiyo vitu vya mbele zaidi huna haja ya kuvichora. Kasoro yake ni kwamba mchezaji anaona ukuta unaotembea naye. Akisogea, unasogea. Akisimama, unasimama, unamtazama.

Na sasa zawadi. Waliokuja na daftari waandike. Watu wengi huuliza, nataka mchezaji aone mita 60, niweke uzito gani? Chukua 3.9, gawanya kwa mita zako. Basi. Mita 60 zinakupa 0.065. Mita 400 zinakupa karibu 0.01, ambayo ndiyo namba Unity inayokupa kabla hujagusa kitu. Hiyo 3.9 haikutoka hewani. Inatokana na kazi ya Mjerumani Koschmieder ya mwaka 1924, kwamba jicho linapoteza kitu cheusi kwenye upeo tofauti yake na anga inapobaki asilimia 2. Na kama umechagua kipeo cha mraba, ule ukungu unaokaa wazi karibu halafu ukaporomoka ghafla, gawanya 2 kwa mita zako badala ya 3.9. Sharti ni moja: kipimo kimoja cha gemu lako kiwe mita moja. Kuna rafiki yangu Fuso lake lilikuwa na urefu wa mita 70. Huyo hesabu haikumkubali.

Mita ngapi, basi? Wataalamu wa hali ya hewa huita ukungu pale tu unapoona chini ya mita 1,000. Dereva wangu anaona 60 kwenye kona mbaya na 25 kwenye ile mbaya kuliko zote.

Nilikuwa na safari ya kurudi kwenye lile kombe. Nimefika.

Mwaka 1999 kampuni ya Konami walitoa gemu la kutisha, Silent Hill, kwenye PlayStation ya kwanza. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 2. Mbili! Picha moja ya simu yako leo haiingii humo. Walitaka mji mzima unaotembeleka bila kusimama, na mashine haikuweza kuchora nyumba za mbali. Wakaweka ukungu na giza. Kombe likafunikwa, sivyo?

Sivyo. Walichofanya ni kuupa ukungu kwao. Wakauliza, mji wenye ukungu wa namna hii ni mji gani? Umepatwa na nini? Nani anaishi humo? Na kwa kuwa mchezaji haoni mbali, wakampa redio ndogo ya mfukoni inayokwaruza sauti kitu kibaya kinapokaribia. Jicho limenyang'anywa, sikio likapewa kazi. Kikwazo cha megabaiti 2 kikawa ndiyo hofu yenyewe. Na ushahidi ni huu: mwaka 2001 ilipotoka sehemu ya pili, kwenye PlayStation 2 yenye megabaiti 32, wangeweza kuupunguza ukungu. Wakauacha. Wakauboresha.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2012 sehemu ya pili na ya tatu zilitolewa upya kwa runinga za kisasa, picha kali zaidi, na ukungu ukatoka mwepesi kuliko wa zamani. Mnajua kilichotokea? Wachezaji wakaona mwisho wa dunia. Maji ya ziwa yamekatika kama kitambaa kilichopigwa mkasi, kwa sababu waliolichora awali hawakuona sababu ya kuchora kule ambako hakuna jicho lingefika. Ukungu haukuwa juu ya mji. Ulikuwa sehemu ya mji, kama kuta.

Na hofu siyo kazi pekee ya ukungu. Wangapi mmecheza Grand Theft Auto: San Andreas? Najua, wote, na wengine mmefukuzwa nyumbani kwa ajili yake. Gemu la 2004. Mnakumbuka lilivyoonekana kubwa? Unaondoka Los Santos asubuhi, unapita mashamba, unapita vilima, mji mwingine uko huko, hujui wapi. Nchi nzima! Sasa ramani ile, ukipima, ni takriban kilomita 6 kwa 6. Kutoka hapa tulipo hatufiki Mbezi. Tuliuona ukubwa ule kwa sababu ya utusitusi wa rangi ya chungwa uliomeza kila kilichokuwa mbali.

Mwaka 2021 likatolewa upya, na utusitusi ule ukaondolewa. Watu wakapanda Mlima Chiliad, wakatazama, wakaona mji ule kule, na mji ule kule, vimekaa karibu karibu kama vibanda vya maonyesho ya Sabasaba. Dunia ya utotoni mwao ikawa kiganja. Kelele zikawa nyingi, na Novemba 2024 yakatolewa masahihisho yaliyorudisha hali ya hewa ya zamani.

Hakuna nyumba iliyoongezwa wala iliyopunguzwa kwenye ramani ile, ndugu zangu. Kilichotoka ni hewa tu.

Kwa hiyo wale mnaoniambia gemu lenu ni dogo, hamna fedha ya kuchora mji mzima, msije kwangu na kilio. Chora mtaa mmoja. Halafu niambie ukungu wake umetoka wapi.

Rangi. Hapa wengi tunaanguka, na mimi nilianguka mbele ya bibi.

Ukungu wangu wa kwanza ulikuwa kijivu, na anga yangu ilikuwa bluu. Matokeo yake, lile jabali la Irente likasimama kama kadibodi iliyokatwa na kubandikwa angani, ukingo wake unaonekana mstari kabisa. Kosa ni nini? Kwenye baadhi ya injini, kama Unity, ukungu haugusi picha ya anga. Mlima unamezwa, anga nyuma yake haimezwi. Dawa yake ni rahisi: rangi ya ukungu uichote kwenye anga yenyewe, pale inapokutana na ardhi, na sehemu ya chini ya anga uifanye iyeyuke taratibu kuwa rangi hiyo hiyo. Mshono unapotea.

Lakini rangi ipi? Simameni Irente siku isiyo na ukungu, mtazame chini Mazinde, zile mbuga zinazokwenda mpaka macho yanachoka. Ni bluu. Hakuna ukungu, lakini mbali ni bluu, kwa sababu chembe za hewa ni ndogo sana na zinatawanya bluu kuliko nyekundu. Leonardo da Vinci aliwafundisha wachoraji jambo hilo zaidi ya miaka 500 iliyopita: jengo likiwa mbali mara tano, liongezee bluu mara tano. Matone ya ukungu, kwa upande wake, ni makubwa mara nyingi kuliko wimbi la mwanga, yanatawanya rangi zote sawa, ndiyo maana ukungu ni mweupe. Hewa ya mbali ni bluu, ukungu ni mweupe. Ni vitu viwili, viweke viwili. Mimi nina bluu nyepesi inayoanza kilomita moja na kuendelea, na ukungu mweupe peke yake, wenye kimo chake na saa zake.

Na mweupe wenyewe haukai mmoja. Jua likichomoza mbele ya Fuso, ukungu ulioko mbele unakuwa rangi ya asali. Ukitazama kwenye kioo cha nyuma ni kijivu cha baridi. Dereva anajua mashariki iko wapi bila dira. Mistari minne ya msimbo kwenye sheda, ile programu ndogo inayopaka rangi kila piseli, na ndiyo mistari minne ninayojivunia.

Kosa lingine nilitaje haraka maana lilininyima usingizi wiki nzima. Kwenye kila kona, jiwe moja jeupe la pembeni mwa barabara lilikuwa linafifia na kurudi, linafifia na kurudi, ilhali Fuso limesimama na nazungusha kamera tu. Nikadhani kompyuta imepata mapepo. Kumbe sheda yangu ilikuwa inapima kina kwa kufuata pua ya kamera, badala ya umbali wa kweli kutoka jichoni mpaka kwenye jiwe. Jiwe likiwa katikati ya kioo kina ni kirefu, likihamia pembeni kina kinapungua. Barabara iliyonyooka isingenionyesha. Lushoto imenionyesha.

Sasa naomba utulivu kidogo, nawasimulia habari ya mjomba.

Nikiwa na miaka kumi na moja, mjomba wangu, dereva wa Fuso, alinichukua kushuka naye Mombo. Saa kumi alfajiri, kabichi zimefungwa kwa turubai, utingo amelala juu ya mzigo. Hatujafika mbali ukungu ukatufunika. Mjomba akawasha taa kubwa, na mbele yetu ukasimama ukuta mweupe. Akazizima haraka, akarudisha zile za chini, na barabara ikaonekana tena, kipande kidogo, kama mkeka. Nikashangaa. Taa kubwa imetunyima njia, ndogo imetuonyesha! Akateremsha kioo chake, baridi ikaingia, akaniambia niteremshe na changu. Akazima redio. Kabla ya kila kona alipiga honi, akanyamaza, akasikiliza. Nikamuuliza, mjomba, unaona mpaka wapi? Akasema, "Naona ninapofika."

Kwenye kona moja alipiga honi na honi ikajibu. Hatukuona kitu. Akabana kushoto, akasimama kabisa. Tukasubiri. Ikaja kwanza harufu ya dizeli, halafu mngurumo, halafu taa mbili za njano zisizo na gari, halafu basi zima likatupita karibu kiasi kwamba nilisoma maandishi ya ubavuni. Halafu likamezwa.

Hiyo ndiyo levo yangu. Hayo ndiyo yote ninayoyatafuta kwenye ule msimbo. Kwanza sauti, halafu mwanga, halafu umbo, mwisho rangi na maandishi. Ukungu unapanga foleni ya vitu kufika kwa mchezaji. Je, kwenye levo yako, kitu gani kinafika kwanza? Umekipanga, au kimejitokea tu?

Zile taa za mjomba ndizo zilizonitia gharama. Ili taa ionekane ikimwagika ndani ya ukungu unahitaji ukungu wenye ujazo, ambao kompyuta inakata nafasi yote iliyo mbele ya kamera vijumba vidogo vidogo na kupiga hesabu ya mwanga ndani ya kila kijumba, kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. Njia hiyo Bart Wronski aliieleza hadharani mwaka 2014 baada ya kuitumia kwenye gemu la Assassin's Creed IV, na leo iko kwenye Unreal na Godot, unaweka alama ya tiki tu. Nikaweka tiki. Nikalia kwa furaha. Taa kubwa zikajenga ukuta mweupe kama ule wa mwaka ule.

Halafu nikaliweka gemu kwenye simu ya mdogo wangu, simu ya kawaida, ya wale wachezaji wetu wenyewe. Kwenye Godot ukungu wa ujazo hauchoreki kabisa kwa zile njia mbili za uchoraji zilizokusudiwa simu na mashine dhaifu. Ukapotea, taa zikabaki zinaning'inia gizani. Kwa injini nyingine nilipolazimisha, nilipata fremu 9 kwa sekunde na simu ikawa ya kukaangia yai.

Basi nikarudi kwenye ujanja wa wazee. Mbele ya kila taa nimebandika koni ya poligoni chache, vile vipande bapa vinavyounda umbo, inayopenyeza mwanga, nyeupe kwenye shina na inayoyeyuka kwenye ncha. Dereva akiwasha taa kubwa, koni inanenepa na uzito wa ukungu unapanda kwa pamoja. Ni uongo. Jicho halijui. Kwenye mabonde nimetundika vibao vinne vya picha ya ukungu vinavyopita polepole, na vinavyofifia kamera ikikaribia, la sivyo unaona umegonga karatasi. Vinne, ndugu zangu, si arobaini. Simu inaweza kuchora poligoni elfu kumi bila kukohoa, lakini ukiipangia vitu vya kupenyeza mwanga kimoja juu ya kingine, piseli ile ile inapakwa rangi mara arobaini, na hapo inakufa.

Wale mnaotengeneza gemu za kushindana, neno dogo tu: mchezaji mwenye simu dhaifu akizima ukungu ili apate fremu, anamwona adui ambaye mwenzake hamwoni. Mtakuja kugombanishwa. Amueni mapema.

Mwezi uliopita nilirudi Lushoto na kompyuta ile ile. Bibi akavaa miwani. Fuso likatoka, likazama, likaibuka kwenye nyota. Akanyamaza muda. Lilipofika pale juu ya Soni, bonde limejaa maziwa na jua linaanza, akasema, "Leo tunaanika."

Levo yenyewe iko kwenye kompyuta pale mlangoni, vaeni vipokea sauti vya masikioni, bila hivyo hamtamsikia dereva anayekuja kwa mbele. Mkifika kona ya saba mtaona koni ya taa ya kushoto inapenya jiwe na kutokea upande wa pili. Nimehangaika nayo wiki mbili. Atakayegundua kwa nini, chai na chapati mbili ni juu yangu.